Aliahidi Kuongeza Spidi ya Mashine Zangu, Nikapoteza Kwetu

Nina miaka thelathini na saba, ni mama wa mtoto mmoja wa kike, na ninaendesha chumba cha kuchezea gemu hapa Kayanga, wilayani Karagwe. Naandika haya nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Wengi wanaosimulia mikasa yao huanza kwa kulia. Mimi machozi yangu nilishayamaliza, kilichobaki ni dharau... Namdharau mwanaume mmoja aliyejiita fundi, namdharau kaka yangu wa tumbo moja, na ziko siku najidharau mwenyewe kuliko hao wote wawili.

Niseme mapema kwamba dharau sikuianza leo. Tangu utotoni nilikuwa nikidharau watu wa polepole. Anayetafuta maneno, anayefungua fundo la kanga lenye pesa kwa dakika kumi dukani, anayefikiri kabla ya kujibu salamu. Mama alikuwa akiniambia, "Adventina mwanangu, mwenye haraka hula mbichi." Nilimwona ni mshamba tu. Nani angenionya mimi?

Niliolewa Kanoni nikiwa na miaka ishirini na mbili. Ndoa ile siielezi hapa, ilitosha kwa miaka tisa. Siku moja nilifunga nguo zangu kwenye shuka, nikamshika binti yangu Koku mkono, nikarudi kwetu Chonyonyo.

Wa kwetu mnajua mwanamke aliyerudi anapokelewaje. Kibanja cha marehemu baba, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kilikuwa mikononi mwa kaka yangu Respicius, maana kwetu kibanja ni cha mtoto wa kiume. Binti akirudi anapewa chumba cha nyuma na mstari wa kupanda maharage pembeni. Migomba yenyewe haimhusu, na kahawa ndiyo kabisa. Respicius hakunifukuza. Alinivumilia tu, na mimi nawaambia, hakuna kinachouma kama kuvumiliwa kwenu. Wifi yangu akipakua ndizi, zilizogandia chini ya sufuria zilikuwa zangu na Koku. Hakuwahi kukosea hata siku moja.

Nikaapa kwamba nitatafuta kitu changu mwenyewe, kitu ambacho hakuna kaka wala mume atakayesema ni cha kwake. Niliuza vitenge minadani kwa miaka, jua langu na mvua yangu. Nilipopata cha kutosha nikanunua mashine nne za gemu zilizokwisha tumika, kwa mtu wa Bukoba aliyekuwa anafunga chumba chake. Nikapanga fremu jirani na kijiwe cha bodaboda, nikaweka mabenchi na luninga nne, nikapaka ukuta rangi ya bluu kwa mkono wangu.

Watu walicheka. Mwanamke na gemu wapi na wapi? Lakini haukupita muda, kicheko kikageuka foleni. Wateja wangu walikuwa watu wazima: bodaboda wanaosubiri abiria, walimu wa sekondari, wanunuzi wa kahawa msimu ukifika. Waliniita Mama Gemu. Kila mmoja aliandikisha jina lake ndani ya mashine, ikawa inatunza mechi zake na ubingwa wake. Nilihama chumba cha nyuma cha Respicius, nikapanga hapa hapa mjini. Kile chumba cha gemu kilikuwa miguu yangu. Kikifa, ninarudi kwenye maharage ya pembeni. Hilo nililijua kila asubuhi nilipofungua kufuli.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mashine zilikuwa nzito kuanza. Ukiingiza diski ya mpira wa miguu, inaguguna ndani kama panya kwenye debe, halafu kile kiduara kinazunguka, kinazunguka... Mwalimu anaweza kusubiri. Bodaboda hawezi, kabla mpira haujaanza simu imeshaita na abiria yuko njiani. Upande wa pili wa barabara kijana mmoja alikuwa amefungua chumba chenye mashine mpya zaidi. Alikuwa akisimama mlangoni na kutangaza kwamba kwake mtu hazeeki akisubiri. Wateja wangu walicheka, wengine wakavuka barabara.

Ndipo akatokea Evodius.

Alikuwa mtu wa Muleba, umri kama miaka arobaini, fundi wa simu na redio aliyekuwa akizunguka kati ya Karagwe na Kyerwa na begi lake la ngozi. Shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, Kiswahili cha redioni na Kiingereza cha kuongeza chumvi. Alisimama nyuma ya wateja akaangalia kile kiduara kikizunguka. Kisha akasema, "Mama, mashine yako inasoma diski kwa mwendo wa bibi harusi anayeingia kanisani."

Chumba kizima kilicheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo nilipoanza kuliwa.

Alinieleza kwamba ndani ya mashine kuna kifaa kinachozungusha diski na kuisoma, mafundi wanakiita draivu. Kiwandani, alisema, wanaifunga draivu isikimbie ili watu wanunue mashine mpya. Yeye alijua kuifungua ile breki. Angeongeza spidi mara mbili, labda mara tatu. Alizungumza juu ya mota na miale ya lenzi mpaka nikajiona nimesoma.

Alichukua mashine moja jioni, akairudisha kesho yake mchana chumba kikiwa kimejaa. Akaiunganisha na luninga mwenyewe. Akawaambia watu wahesabu. Akabonyeza kitufe... na kabla hawajafika tatu, uwanja wa mpira ulikuwa umetandazwa kwenye luninga, wachezaji wanapasha misuli moto.

Watu walipiga kelele hadi wale wa ng'ambo ya barabara wakachungulia. Nilimwangalia jirani yangu yule mwenye maneno, nikamtemea mate ya mbali. Raha iliyoje!

Mtu mmoja tu hakupiga kelele. Mwalimu Laurian, mtu wa Rugera anayefundisha fizikia, mteja wangu wa siku zote na mtu wa polepole kuliko kinyonga. Alikuna kidevu, akaniuliza kama fundi angekubali kuichomoa mashine kwenye umeme kabisa, kisha aiwashe upya. Nikamuuliza kama wivu wa kupitwa na fundi ndio uliomsumbua. Alirudi kwenye benchi lake. Nilijiona nimeshinda.

Leo ninajua kilichofanyika, na aibu yake ninaibeba. Mashine zile unaweza kuzilaza bila kuzizima. Gemu inabaki wazi ndani, imesinzia tu, ukibonyeza inafumbua macho. Evodius aliifungua gemu mapema mahali pengine, akailaza, akaileta kwangu ikiwa bado imelala, inalishwa umeme na betri iliyofichwa begini. Hakuongeza spidi hata chembe. Aliamsha kilichosinzia, nami nikampigia makofi. Kumbe mtu mzima anaweza kudanganywa kwa usingizi wa mashine!

Kesho yake mashine ilirudia uzito wake, akasema lile lilikuwa jaribio tu, kazi kamili ingefuata. Baada ya hapo alikuwa akija kila siku. Alikuwa akiniletea chapati na chai ya maziwa. Alimwita Koku mwanangu. Akaniambia mke wake alifariki zamani na kwamba amechoka kuishi na begi. Nilikuwa na miaka mingapi bila mtu wa kuniuliza nimekula? Nikalainika, niseme nini...

Mwezi wa pili akaniambia anataka kufika kwetu kuniposa. Kwetu Chonyonyo alikwenda kama inavyotakiwa, na mjomba wake mmoja, mbuzi, mtungi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na blanketi la mama. Respicius alifurahi hata nikashangaa. Kaka ambaye hakuwahi kuniuliza biashara inaendaje, siku hiyo alinisifia mbele ya wageni mpaka nikainama.

Mama alileta kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo chenye kifuniko. Kwetu hiyo si kahawa ya kinywaji. Ni punje zilizochemshwa na kukaushwa ndani ya ganda lake, mgeni anazitafuna, na akizipokea mmepatana. Evodius alichukua tunda moja, akalipasua, ndani zikatoka punje mbili. Moja akaitafuna, nyingine akanipa mbele ya wazee. Nikaitafuna. Wazee wakaguna kwa kuridhika.

Nyinyi wa mbali mtasema ni punje tu. Kwetu waliogawana punje mbili za tunda moja hawakaguani mifuko. Ukimwuliza mwenzako begi lako lina nini, umemtukana yeye na wote waliokaa pale. Hilo nililinyonya na maziwa. Mimi, niliyekuwa nikidharau kila la zamani, nililishika hilo moja kwa mikono miwili, na ndilo lililoniangusha.

Wiki ile ile alianza kuchukua mashine. Moja baada ya nyingine alizipeleka Nkwenda, kule Kyerwa, alikodai ana meza kubwa ya ufundi. Sikuandika karatasi. Sikuweka alama. Ningemwekaje alama mtu niliyetafuna naye? Zilirudi moja moja, ile ya kwanza akaichukua tena mara ya pili, skrubu zake zimezibwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Akanionya nisiruhusu mtu afungue, kwa sababu ukifungua spidi inatoroka.

Spidi inatoroka! Kama kuku aliyeachiwa mlango! Nami nikaitikia kwa kichwa, nikawakataza wateja wasiguse hata vumbi la juu.

Mashine zilirudi hazina majina ya wateja. Ubingwa wao wote ulikuwa umefutika. Wakalalamika. Evodius akasema amefuta kumbukumbu ili mashine iwe nyepesi kukimbia. Nikawaambia wateja wachague, wanataka majina au wanataka spidi?

Halafu zikakataa diski. Zilifungua gemu mbili za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa ndani, basi. Diski ukiiingiza inatemwa kama dawa chungu. Nilimpigia simu. Akasema draivu inazoea mwendo mpya, niipe wiki. Nikaipa wiki. Nikaipa nyingine. Bodaboda wakavuka barabara mmoja mmoja, na yule jirani safari hii hakutangaza chochote. Alinionea huruma! Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Simu ya Evodius ikawa haipatikani. Mjomba wake akasema yuko msibani Muleba. Msiba gani wa mwezi mzima?

Nilimtafuta Mwalimu Laurian, nikameza kiburi changu kizima kizima. Alikuja na bisibisi yake, akafungua mashine ya kwanza bila kusema nilikwambia. Angenitukana ningejisikia vizuri zaidi. Ndani kulikuwa na kutu na mavi ya mende. Akafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Magamba yalikuwa yangu, matumbo yalikuwa ya mashine chakavu zilizookotwa sijui wapi.

Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Spidi ya draivu ya mashine hizi haiongezwi na mtu, imewekwa ilivyo, aliyetaka ianze haraka angebadilisha kitu kingine kabisa. Na kila draivu inafahamiana na ubao wa mashine yake tu. Ukiipandikiza kwenye mashine nyingine, haisomi. Kwa hiyo mwizi hawezi kuiba draivu peke yake, lazima achukue na ubao wake, na hifadhi yake ya kumbukumbu, moyo wote. "Alijaribu draivu kwanza," Mwalimu alisema. "Ilipokataa, akarudi kuchukua vilivyobaki. Ndiyo maana mashine yako ya kwanza ilikwenda mara mbili."

Nilikwenda Chonyonyo kumwomba Respicius anisindikize Nkwenda. Kwetu jambo la posa mwanamke haendi peke yake. Kaka alikuna kichwa. Alisema ana kahawa ya kuanika. Akasema nisubiri. Mama, ambaye huwa hazungumzi mbele ya mwanaye, alisema kutoka jikoni, "Respi, nenda na dada yako." Akaenda, kwa shingo upande.

Tulifika Nkwenda mchana wa siku ya soko. Haikuwa kazi kuuliza, kila mtu alikuwa anajua chumba kipya cha gemu cha fundi Evodius. Tukasimama mlangoni. Mashine nne zinawaka, watu wamejaa kwenye mabenchi. Nikaangalia luninga ya kwanza. Kwenye orodha ya wachezaji niliona: Mwalimu Laurian. Deo Bodaboda. Bosi wa Kahawa. Na juu yao wote, Mama Gemu Kayanga.

Majina yetu, wasomaji wenzangu! Alikuwa hata amekuwa mvivu wa kuyafuta. Aliiba mioyo ya mashine zangu na kuwaacha wateja wangu ndani yake.

Lakini sikuwa nimeona yote bado. Mezani alikaa mwanamke mjamzito, kucha nyekundu rangi ile ile ya skrubu zangu. Alinyanyua macho, akanipita mimi, akamtazama Respicius na kutabasamu.

"Shikamoo kaka," alisema. "Karibu tena, waitu. Fundi ametoka kidogo. Leo umekuja na nani?"

Karibu tena.

Niligeuka kumtazama kaka yangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Alikuwa ameshafika pale. Alikuwa amekula pale, amekunywa pale, na alijua tangu mwanzo kwamba Evodius ana mke wa ndoa hai, mwenye mimba. Kwa nini alinyamaza? Baadaye alisema mwenyewe, tena bila haya. Alitaka niolewe popote, hata kuwa wa pili, ili nisije nikarudi kudai chumba cha nyuma na ule mstari wa maharage. Mstari wa maharage! Kaka aliniuza ili apate nafasi ya mistari miwili ya mihogo.

Evodius alirudi, hakushtuka hata kidogo. Watu wa aina yake hawashtuki, wanabadilisha sauti tu. Aliwaambia wateja kwamba mimi ni mteja wake wa Kayanga, mashine zangu zilikufa, alinisaidia nikashindwa kushukuru. Nilipiga kelele. Watu wakamwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee mtulivu aliyekuja na kiti chake.

Mzee alisikiliza pande zote. Akauliza kama mashine zilikuwa na karatasi. Hazikuwa nazo. Akauliza shahidi. Nikamwonyesha majina kwenye luninga. Akatikisa kichwa kwamba anaona. Kisha akamgeukia Respicius, mkubwa wa ukoo wangu, aseme anachokijua.

Kaka yangu akakohoa. Akasema, "Mzee, huyu ni shemeji yetu. Kahawa ilitafunwa, mbuzi aliliwa. Kati ya mume na mke hakuna mwizi."

Aliyasema hayo mbele yangu. Mbele ya mke wa yule mtu. Yule mwanamke, Projesta, alishika meza kwa mikono miwili, kwa sababu hilo neno shemeji alikuwa hajawahi kulisikia.

Mwenyekiti alijiweka sawa kwenye kiti chake. Kisha akatoa kauli yake. Kama posa ipo, alisema, basi vitu viko ndani ya makubaliano na yeye hana mkono. Kama upande wa mwanamke unaikataa posa, urudishe kilichopokelewa, na siku hiyo hiyo fundi arudishe mashine zilivyokuwa. Akatoa wiki mbili. Evodius akatabasamu. Alijua mbuzi yuko tumboni mwa Respicius. Alijua pia kwamba kwetu posa hurudishwa na wanaume, na kwamba wanaume wangu walikuwa mmoja, naye alikuwa wake.

Mkiniuliza kwa nini sikwenda mbele zaidi, polisi au mahakamani, nitawauliza na ninyi, na shahidi yupi?

Nilirudi Kayanga nikalala siku mbili bila kuoga. Siku ya tatu nikaamka nikiwa na dharau mpya, nzito, yenye manufaa. Nikasema kama hakuna mwanaume wa kurudisha posa, nitairudisha mimi.

Luninga moja nikabadilishana na mfugaji kwa mbuzi jike mweusi. Rubisi ilikuwa ngumu zaidi, maana kwetu mwanamke hakanyagi ndizi za pombe, ni kazi ya wanaume tangu enzi. Mwalimu Laurian alitoa ndizi kutoka kibanja chake cha Rugera. Bodaboda wanne, wale wale walioniacha kwa sababu ya kiduara, wakavua viatu wakazikanyaga. Walinikanyagia bila kulipwa, na walinitania mchana kutwa kwamba mchumba wangu ana spidi kuliko mashine. Niliwaacha watanie, walikuwa na haki.

Lilibaki blanketi. Nilikwenda Chonyonyo wakati Respicius yuko shambani. Mama alikuwa tayari amelikunja. Hakuwahi kulifunika hata usiku mmoja, lilikuwa bado na harufu ya dukani. "Sikulipenda tangu siku ile," alisema.

Tulikwenda Nkwenda na pikipiki tatu. Mbuzi alifungwa nyuma ya Deo, amekaa kama abiria aliyelipa nauli, anatazama migomba inavyopita. Watu wa njiani walisimama kucheka. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mwenyekiti aliitwa. Nikaweka mtungi chini, blanketi juu ya meza, kamba ya mbuzi mkononi. Nikasema mimi, Adventina, ninarudisha posa ya Evodius mwenyewe, kwa mkono wangu. Evodius akaanza kusema kwamba mwanamke hawezi. Mwenyekiti akamnyamazisha kwa kidole. Alisema yeye alisema upande wa mwanamke, na upande wenyewe ndio huo umesimama.

Projesta alitoka nyuma ya meza, tumbo mbele. Akaipokea kamba. Akamtazama mbuzi, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Yule mbuzi wangu wa mwaka jana," alimwambia polepole. "Yule niliyepewa na mama. Uliniambia ameibwa na fisi wa miguu miwili." Kisha akanigeukia. "Kumbe mbuzi wangu ndiye aliyekuposa, dada. Samahani sana."

Aliingia ndani akachomoa mashine moja baada ya nyingine, akanikabidhi mlangoni kwa mikono yake. Evodius alisimama pembeni na kalamu zake mbili. Hakuna aliyemtazama. Nawaambia, mtu mwenye maneno mengi akikosa wa kumsikiliza anabaki mdogo sana.

Mngependa niishie hapo. Ningependa pia.

Respicius alisikia habari kabla sijafika Kayanga. Kwamba dada yake amerudisha posa kama mwanaume, amemvua nguo mbele ya wilaya nzima. Jumapili iliyofuata alinisubiri nje ya kanisa, mama akiwa kando yake. Alisema kuanzia siku ile nisikanyage kibanja cha baba. Na nikifa, alisema, nijizike huko huko na mashine zangu.

Wa kwetu mnajua hilo ni neno gani. Kwetu watu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, karibu na baba na babu. Mtu asiye na kibanja cha kuzikwa ni mtu ambaye hakuwahi kuwa na kwao. Mama alisikia, akatazama chini, akamfuata mwanaye nyumbani. Simlaumu. Anakula kwenye sufuria ile. Tunaonana kanisani tu, tunashikana mikono wakati wa kutakiana amani, na mkono wake huchelewa kuachia wangu.

Chumba changu kipo. Mashine ni nne, luninga tatu. Zinaanza polepole vile vile, na anayetaka haraka ninamwonyesha ng'ambo ya barabara. Evodius nasikia yuko wilaya nyingine, na begi lake, anaongeza spidi za watu. Kaka yangu ana mihogo yake.

Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi. Akija mtu na bisibisi akakuahidi kwamba ulichonacho kitakimbia kuliko alivyokiumba aliyekitengeneza, mwambie afungue mbele yako, ueleweshwe, uandike. Hata kama mmetafuna naye kahawa. Hasa kama mmetafuna naye kahawa! Na anayekuuliza maswali polepole, usimdharau. Mimi nilimdharau, na ndiye pekee aliyekuja na ndizi.

Mwezi uliopita nimenunua kipande cha shamba Rugera, jirani na kwa Mwalimu. Ni kidogo, hakifiki hata nusu ya uwanja wa mpira wa shule. Nimepanda migomba saba. Koku aliniuliza kama tutajenga nyumba pale, nikamwambia bado. Nilimwonyesha tu ile sehemu ya katikati, penye udongo laini, nikamwambia aikumbuke, hapo pasilimwe kitu, hapo ni pangu.